Kumlisha Mgonjwa Hospitalini: Nani, Lini, Kiasi Gani, kwa Njia Ipi

Mwaka 2019 watafiti wa Uswisi walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali 8. Wagonjwa zaidi ya 2,000 waliokuwa katika hatari ya utapiamlo waligawanywa kwa kura. Kundi la kwanza lilipangiwa lishe, mgonjwa mmoja mmoja, na wataalamu wa lishe. Kundi la pili lilikula chakula cha kawaida cha hospitali, kila mtu kwa kadiri alivyoweza. Baada ya siku 30, kundi la kwanza lilikuwa limepoteza watu 73, la pili watu 100.

Miaka 8 kabla yake, jaribio kubwa zaidi kutoka Ubelgiji lilikuwa limetoa habari ya kuvunja moyo. Kati ya wagonjwa 4,640 waliolazwa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, wale ambao kalori zao zilikamilishwa mapema kwa lishe ya mshipani walipata maambukizi mengi zaidi na wakachelewa kutoka ICU, kuliko wale ambao lishe hiyo ilizuiwa kwa wiki nzima.

Anayesoma vichwa vya habari tu atadhani mmoja kati ya hao amekosea. Hakuna aliyekosea. Wagonjwa wa Uswisi walikuwa katika wodi za kawaida, wengi wao wazee, matumbo yao yakifanya kazi, na karibu wote walilishwa kwa mdomo. Wale wa Ubelgiji walikuwa mahututi, miili yao ikiwa katikati ya dhoruba ya ugonjwa, na nyongeza yao ilipitia moja kwa moja kwenye damu. Kilichobadilisha matokeo ni nani alilishwa, lini, kiasi gani na kwa njia ipi. Maswali hayo manne hayana mwenyewe katika hospitali nyingi. Timu ya lishe, yaani kikundi cha wataalamu wa hospitali wanaosimamia ulishaji wa wagonjwa, ni jaribio la kuyapatia mwenyewe, na ukiielewa hivyo, utafiti mwingi unaoonekana kujipinga unaanza kukaa sawa.

Njaa inayoingia wodini bila kuonekana

Wahenga walisema adui muombee njaa. Hospitali haimwombei mgonjwa njaa, lakini mara nyingi humpatia.

Kwamba kupungua uzito ni hatari kwa anayekwenda kupasuliwa, hilo linajulikana tangu zamani. Mwaka 1936 mpasuaji Hiram Studley wa Cleveland, Marekani, aliwatazama wagonjwa 46 waliopasuliwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao kabla ya upasuaji, theluthi moja walifariki. Waliopoteza chini ya hapo, vifo vilikuwa kama asilimia 3.5.

Karibu miaka 40 ilipita kabla suala hilo halijawa la aibu hadharani. Mwaka 1974 daktari Charles Butterworth wa Alabama aliandika makala iliyowakasirisha wengi katika fani yake, akidai kwamba utapiamlo mwingi wa hospitalini husababishwa na hospitali zenyewe. Orodha yake ya makosa inasomeka kana kwamba imeandikwa leo asubuhi: uzito na urefu wa mgonjwa haviandikwi kwenye faili, milo inarukwa kwa ajili ya vipimo, mgonjwa anaachwa kwa siku nyingi kwenye dripu za glukosi na chumvi, hakuna anayeangalia amekula nini, na wajibu umetawanyika kwa watu wengi kiasi kwamba haumkalii mtu yeyote.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha mambo. Daktari anadhani muuguzi anafuatilia chakula. Muuguzi ana wagonjwa wengi kuliko mikono yake. Jikoni wanahesabu trei zilizotoka, wala si zilizorudi zikiwa zimejaa. Mgonjwa anaambiwa asile kitu kuanzia usiku kwa sababu asubuhi ana kipimo. Kipimo kinaahirishwa hadi mchana, kisha hadi kesho, na kesho hadithi ni ileile. Na hii ni licha ya kwamba miongozo ya kisasa ya nusukaputi humruhusu mgonjwa wa kawaida kula hadi saa 6 kabla ya upasuaji na kunywa maji hadi saa 2 kabla. Kufunga tangu usiku wa manane kwa ajili ya upasuaji wa saa 9 alasiri ni mazoea tu.

Mwaka 1994 watafiti wawili wa Dundee, Scotland, walipima wagonjwa 500 siku walipolazwa. Watu 200 kati yao walikuwa na utapiamlo. Kati ya hao 200, ni 96 tu ambao faili zao zilikuwa na maandishi yoyote kuhusu lishe. Walipowapima tena baadhi yao wakati wa kuruhusiwa, walikuta kwa wastani wamepungua uzito zaidi ya asilimia 5 wakiwa hospitalini. Wagonjwa 10 tu walikuwa wameelekezwa kupata msaada wa lishe, na hao waliongezeka kwa wastani wa karibu asilimia 8. Watu 10 ni wachache mno kuthibitisha jambo, lakini takwimu hiyo inaonyesha kwamba kupungua si hatima ya kila anayelazwa.

Hapa inafaa kuondoa imani moja iliyokita mizizi: kwamba dripu inamlisha mgonjwa. Hesabu yake ni rahisi. Dripu ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari kwa kila lita, ambazo hutoa kalori zisizofika 200. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama kalori 1,500 hadi 1,800 kwa siku, pamoja na protini gramu 70 hivi au zaidi akiwa mgonjwa. Lita 2 za dripu hiyo zinampa chini ya robo ya kalori hizo, na protini hazimpi hata chembe. Dripu inamwokoa asikauke. Ndugu aliyekaa pembeni ya kitanda akiona chupa inadondoka anapumua, "angalau anapata kitu", na wakati huohuo mgonjwa anajila mwenyewe.

Kujila huko kunaanzia kwenye misuli. Mtu mwenye afya akifunga siku kadhaa, mwili wake hujirekebisha: hupunguza matumizi, huchoma mafuta na kuibana protini. Mgonjwa mwenye maambukizi makali au majeraha makubwa hawezi kujirekebisha hivyo, kwa sababu homoni za dharura na kinga iliyowaka huamuru misuli ivunjwe ili protini zake zitumike kwingine. Utafiti mmoja wa Uingereza wa 2013 uliwafuatilia wagonjwa mahututi 63 kwa kupima msuli wa mbele wa paja kwa mashine ya ultrasaundi. Ndani ya siku 10 msuli huo ulikuwa umepungua karibu asilimia 18. Misuli ya kupumulia na ya kukohoa nayo haisalimiki, na asiyeweza kukohoa vizuri hubaki na makohozi kifuani, ambayo ndiyo mlango wa nimonia. Kidonda cha upasuaji nacho kinahitaji protini, vitamini C na zinki ili kishikane. Vidonda vya mgongoni na matakoni vinavyotokana na kulala muda mrefu, vichomi visivyoisha, nyuzi zinazoachia, mashine ya kupumulia inayoshindikana kuondolewa: mara nyingi haya huandikwa kama matatizo ya ugonjwa, na mchango wa njaa hauandikwi popote.

Nani wamo kwenye timu, na wanafanya nini hasa

Muundo unaokubalika katika nchi nyingi una watu wanne: daktari, muuguzi, mtaalamu wa lishe na mfamasia. Wengine huongeza mtaalamu wa kumeza, hasa kwa wagonjwa wa kiharusi, au mtaalamu wa maabara. Kikundi hiki hupita wodini kwa ratiba, huitwa na madaktari wanaokwama, na huandika miongozo ambayo wodi nyingine hufuata hata timu isipokuwepo.

Ukiwauliza watu, wengi watasema kazi ya timu hii ni kuongeza chakula. Naona kazi yake kubwa zaidi ni kuzuia makosa ya aina mbili yanayovuta pande tofauti: kumwacha na njaa anayehitaji kulishwa, na kumlisha vibaya asiyehitaji, au asiye tayari.

Kosa la kwanza linazuiwa kwa uchujaji. Njia iliyoenea Uingereza, ijulikanayo kwa kifupi kama MUST, inauliza mambo matatu tu: BMI ya mgonjwa (uzito wake ukilinganishwa na urefu) ni ngapi, amepungua uzito kiasi gani bila kukusudia katika miezi 3 hadi 6 iliyopita, na je, ugonjwa wa ghafla umemfanya, au utamfanya, asile kwa zaidi ya siku 5? Muuguzi aliyezoea humaliza kwa dakika chache. Mizani inahitajika, na unaweza kushangaa ni wodi ngapi zina mashine ya kupimia gesi za damu lakini mizani yake mbovu. Swali la kupungua uzito ndilo linaloangushwa mara nyingi, kwa kuwa mtu mnene aliyepoteza kilo 15 kwa miezi 3 bado anaonekana mnene. Kwa macho hana shida. Kwa vigezo hivyo yuko hatarini sana.

Kuna kipimo kimoja ambacho timu nzuri huwafundisha wenzao kuacha kukiamini, nacho ni albumini ya damu. Kwa miongo mingi albumini ikiwa chini ilitafsiriwa moja kwa moja kuwa "lishe duni". Lakini protini hii hukaa kwenye damu kwa muda mrefu, nusu ya kiwango chake ikidumu kama wiki 3, kwa hiyo haiwezi kushuka ndani ya siku 2 kwa sababu ya kukosa milo. Inayoishusha haraka namna hiyo ni inflamesheni, yaani mwili kuwaka kwa sababu ya ugonjwa au jeraha: mishipa huvuja, na ini hubadili vipaumbele vyake vya kutengeneza protini. Kinyume chake, mtu aliyekonda kwa njaa tupu bila maambukizi anaweza kuwa na albumini ya kawaida kabisa. Daktari anayemjaza mgonjwa protini ili "kupandisha albumini" anatibu karatasi ya maabara.

Mpira na mshipa

Asiyeweza kumeza hulishwa kwa mpira unaopita puani hadi tumboni. Jambo linaonekana dogo, lakini mpira huo unaweza kwenda njia ya hewa badala ya njia ya chakula, na chakula kikimiminwa kwenye pafu, mgonjwa anaweza kufa. Ndiyo maana kabla ya kulisha, kimiminika kilichovutwa kwenye mpira hupimwa asidi. pH ya 5.5 au chini ni dalili kwamba ncha iko tumboni, na shaka ikibaki picha ya eksirei huamua. Mbinu ya kizamani ya kusukuma hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza tumbo hudanganya, na bado ina mashabiki.

Lishe ya mshipani ni hadithi yenye fahari zaidi na hatari zaidi. Katika miaka ya 1960, Stanley Dudrick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha, kwanza kwa watoto wa mbwa kisha kwa kichanga ambaye utumbo wake haukufanya kazi, kwamba kiumbe anaweza kukua kwa chakula kinachoingia kwenye mshipa mkubwa pekee. Kwa watu waliokatwa sehemu kubwa ya utumbo, ugunduzi huo uligeuza hukumu ya kifo kuwa maisha. Tatizo ni kwamba katheta, yaani mrija mwembamba wa mshipani, inayoishia karibu na moyo, ikibeba sukari na mafuta, ni njia ambayo bakteria hawangeweza kuomba iliyo bora zaidi.

Hapa ndipo faida ya timu ilipopimika waziwazi kuliko kwingine kokote. Katika hospitali moja ya Leicester, Uingereza, maambukizi ya katheta kwa wagonjwa wa lishe ya mshipani yalikuwa asilimia 71 kabla ya timu kuundwa. Katika mwaka wa kwanza wa timu yalishuka hadi asilimia 29. Hakukuwa na dawa mpya. Kinacholeta mabadiliko ya aina hiyo ni nidhamu: njia moja ya katheta inatengwa kwa ajili ya lishe tu, haitolewi damu wala kupitishiwa dawa nyingine, wanaoigusa ni waliofundishwa, na mikono inanawiwa kila mara. Kuna na faida nyingine isiyosifiwa sana: ombi la lishe ya mshipani likipita mikononi mwa timu, baadhi ya wagonjwa hugundulika kuwa utumbo wao unafanya kazi, na wanahitaji mpira, au msaada wa kula tu. Ombi lililokataliwa kwa sababu nzuri ni maambukizi ambayo hayakutokea, ingawa hakuna takwimu itakayoliandika jina la mgonjwa huyo.

Ripoti ya kitaifa ya Uingereza ya mwaka 2010 iliyochunguza huduma hii ilikuta kwamba ni mtu mzima 1 hivi kati ya 5 aliyepewa lishe ya mshipani ambaye huduma yake ilihesabika kuwa nzuri. Wengine walianzishiwa bila sababu ya kutosha, au walichelewa kupewa wakati wakiihitaji kweli, au hawakupimwa damu ipasavyo.

Pale mlo wa kwanza unapoua

Kosa ambalo watu wema hufanya kwa haraka zaidi ni kumlisha kwa wingi mtu aliyekaa na njaa muda mrefu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, madaktari waliona wafungwa wa vita wa Mashariki ya Mbali waliokuwa wamekaa na njaa wakidhoofika ghafla, baadhi wakivimba na kushindwa moyo, baada ya kuanza kula tena. Mwaka 1981 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa wawili waliokuwa wamekonda sana ambao walikufa baada ya kuanzishiwa lishe ya mshipani kwa kasi kubwa.

Kinachotokea ni hiki. Wakati wa njaa, mwili huacha kutegemea sukari na kugeukia mafuta. Insulini inakuwa ndogo, na akiba ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli inapungua taratibu. Majibu ya damu yanaweza kuonekana ya kawaida, na hapo ndipo mtego ulipo. Wanga unaporudi kwa wingi, insulini inapanda, na seli zinaanza kunyonya sukari pamoja na madini hayo yote kwa pupa. Ndani ya siku chache fosfeti ya damu inaanguka. Bila fosfeti seli haziwezi kutengeneza nishati, hivyo misuli ya kupumua inalegea. Potasiamu na magnesiamu zikishuka, mapigo ya moyo yanavurugika. Vitamini B1, ambayo mwili hauna akiba yake kubwa, inamalizwa na kazi ya kuchakata sukari, na ubongo unaweza kuumia moja kwa moja.

Mwongozo wa Uingereza wa 2006 unataja walio katika hatari kubwa: mwenye BMI chini ya 16, aliyepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito katika miezi 3 hadi 6, ambaye hajala kitu cha maana kwa zaidi ya siku 10, au ambaye madini hayo tayari yako chini kabla ya kulishwa. Kwa hao unapendekeza kuanza na kalori zisizozidi 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kupanda polepole kwa siku 4 hadi 7. Waliokonda kupita kiasi huanza na 5 tu. Kwa kiwango cha 10, mtu wa kilo 40 anapata kalori 400 siku ya kwanza. Vitamini B1 hutangulia chakula, na madini hupimwa na kujazwa wakati kulisha kukiendelea.

Hebu fikiria jinsi hilo linavyoonekana kwa familia. Ndugu yao amebaki mifupa, na mtaalamu wa lishe anasema apewe kidogo. Bila maelezo, ni ukatili. Timu yenye akili hutumia muda kueleza, kwa sababu chupa ya maziwa mazito iliyoingizwa kwa siri kwa upendo inaweza kuharibu mpango wote.

Turudi Uswisi, kisha Ubelgiji

Jaribio la Uswisi linastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndilo ushahidi mzito zaidi tulio nao kwa wodi za kawaida. Kila mgonjwa wa kundi la kwanza alikadiriwa mahitaji yake ya kalori na protini, na mtaalamu akatafuta njia ya kuyafikia: kubadilisha chakula, kukiongezea nguvu, kugawa milo midogo, kuongeza vinywaji vya lishe. Zaidi ya robo tatu walifikia malengo yao. Matatizo makubwa kwa jumla, yaani kifo, kulazwa ICU, kurudishwa hospitalini, madhara makubwa ya ugonjwa au kushindwa kujihudumia, yalimpata mgonjwa 1 kati ya 4 hivi: asilimia 23 kwa waliopangiwa lishe, asilimia 27 kwa wengine. Kwa vifo, wagonjwa 37 wakihudumiwa hivi, maisha ya mmoja yanaokolewa ndani ya mwezi. Dawa nyingi zinazouzwa kwa mbwembwe hazifikii kiwango hicho.

Uchambuzi wa baadaye wa data hizohizo uliongeza jambo la kuvutia. Wagonjwa ambao damu yao ilionyesha inflamesheni kali, protini ya CRP, ambayo hupanda mwili unapowaka, ikiwa juu ya 100, hawakuonyesha faida ya kulishwa. Na hilo ndilo daraja la kwenda Ubelgiji. Kadiri mwili unavyowaka, ndivyo unavyoshindwa kukitumia chakula. Katika siku za kwanza za ugonjwa mahututi, ini linaendelea kutengeneza sukari hata kama sukari inaingia kutoka nje, na seli zinahitaji muda wa kusafisha takataka zao za ndani, kazi ambayo shibe inaizuia.

Ukishika wazo hilo, majaribio mengine yanajipanga. Mwaka 1991 hospitali za maveterani wa Marekani zilijaribu lishe ya mshipani katika utafiti wa wagonjwa 395 waliokuwa wakisubiri upasuaji mkubwa, baadhi wakipewa na wengine wasipewe. Maambukizi yaliongezeka, kutoka asilimia 6 hivi hadi 14. Isipokuwa kwa waliokuwa na utapiamlo mkali: hao walipata matatizo mengine yasiyo ya maambukizi kwa asilimia 5 tu, dhidi ya 43 kwa wenzao wasiolishwa. Mwaka 2005 vinywaji vya lishe viligawiwa kwa wagonjwa wa kiharusi bila kuwachagua, katika jaribio la watu zaidi ya 4,000 ambao wengi walikuwa na lishe nzuri. Hakukuwa na faida ya maana. Mwaka 2018, nchini Ufaransa, wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia na wenye mshtuko wa presha kushuka walipolishwa mapema kwa mpira hawakufa wachache zaidi kuliko waliolishwa mshipani, na utumbo kukosa damu, ingawa ni nadra, kulitokea zaidi kwao. Mwaka 2023 jaribio la kuwapa wagonjwa mahututi protini nyingi sana halikuwasaidia, na wenye figo zilizoumia walionekana kuumizwa.

Kwa maoni yangu majaribio haya "yaliyoshindwa" ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya kuwa na timu. Kama chakula kingekuwa kizuri kwa kila mtu kila wakati, ingetosha kuajiri mpishi na kununua mifuko ya lishe kwa jumla. Ni kwa sababu kipimo kilekile kinamwokoa mmoja na kumdhuru mwingine ndipo anahitajika mtu wa kuchagua.

Ugumu wa kuipima timu

Ni lazima kusema wazi kwamba jaribio la Uswisi lilipima lishe iliyopangwa na wataalamu, wala halikupima uwepo wa timu kamili dhidi ya kutokuwepo kwake. Tafiti nyingi za timu zenyewe hulinganisha kabla na baada, kama ile ya Leicester, na kati ya "kabla" na "baada" mambo mengine pia hubadilika. Kuwalinganisha wagonjwa waliotembelewa na timu na wasiotembelewa ni kubaya zaidi: timu huitwa kwa waliozidiwa, hivyo mahesabu ya haraka yataonyesha kwamba anayetembelewa na timu hufa zaidi. Na timu ikifanya kazi vizuri, mafunzo yake husambaa hadi wodi ambazo zingetumika kama kundi la kulinganisha.

Kwa hiyo ushahidi hauko sawa kote. Ni imara kwa maambukizi ya katheta na kwa kupunguza lishe ya mshipani isiyo ya lazima. Ni mzuri kwa vifo na uwezo wa kujihudumia kwa wagonjwa wa wodi waliochujwa vizuri. Kwa siku za kulazwa, jambo ambalo wakurugenzi hupenda kuulizia kwanza, picha ina ukungu, kwa kuwa siku za kulazwa hutegemea pia kama kuna mtu wa kumpokea mgonjwa nyumbani.

Nchi zilizoamua kutosubiri ushahidi kamili zimechukua njia tofauti. Brazil mwaka 1998 iliweka kanuni kwamba lishe ya mshipani itolewe chini ya timu yenye daktari, mfamasia, muuguzi na mtaalamu wa lishe. Japani, mwaka huohuo, daktari Takashi Higashiguchi alianzisha katika hospitali ya Suzuka mfumo ambao haukuhitaji idara mpya: kila mwanatimu anabaki kwenye kitengo chake na kutoa saa zake chache, ujuzi ukichangwa kama watu wanavyochangia karamu. Timu ziliongezeka kwa mamia, na mwaka 2010 bima ya afya ya nchi hiyo ikaanza kuzilipa hospitali kwa kazi hiyo. Mfano wa Japani unanivutia kuliko amri ya Brazil, kwa sababu unaionyesha hospitali isiyo na bajeti kwamba watu wanne waliopo tayari, wakikutana mara moja kwa wiki na orodha ya wagonjwa waliochujwa, wameshaanza.

Mahali pasipo na mwenyewe hata leo ni mlangoni, siku ya kuruhusiwa. Wagonjwa wa Uswisi walipofuatiliwa hadi miezi 6, tofauti ya vifo kati ya makundi mawili ilikuwa imeyeyuka, na mpango wa lishe ulikuwa wa siku za hospitalini tu. Karatasi ya kuruhusiwa huorodhesha dawa, kipimo chake na tarehe ya kliniki. Mara chache huwa na uzito wa mgonjwa siku hiyo, lengo lake la kalori na protini, jina la kinywaji cha lishe anachopaswa kuendelea nacho, na nani atampima tena baada ya wiki mbili.